Vijana wa Nachingwea na Ruangwa waulizwe kwanza, mashine ije baadaye

Kwenye skrini ya kompyuta kuna milango miwili. Msichana wa miaka 14 amevalishwa kofia laini iliyojaa elektrodi, vidude vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Kazi yake ni kubonyeza kitufe na kuchagua mlango. Akipatia, unatokea mshale wa kijani unaotazama juu na anajipatia senti 50 za Marekani. Akikosea, unatokea mshale mwekundu unaotazama chini na anakatwa senti 25. Anachagua, anachagua tena, na tena. Wanaomtazama hawana haja na vijisenti atakavyoondoka navyo. Wanataka kujua jambo moja: mshale wa kijani unapotokea, ubongo wake unaitikia kwa nguvu kiasi gani?

Mchezo huo waliucheza wasichana 444 wa umri wa miaka 13 na nusu hadi 15 na nusu, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimboni New York, uliochapishwa mwaka 2016. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuugua sonona. Walifuatiliwa kwa miezi 18. Wale ambao ubongo wao uliitikia ushindi kwa unyonge ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuingia kwenye sonona kwa mara ya kwanza. Yaani mwitikio wa raha ulikuwa hafifu ndani ya ubongo kabla ugonjwa haujaonekana usoni.

Mwalimu wa kidato cha pili pale Nachingwea, mkoani Lindi, hana kofia ya elektrodi. Ana macho yake na darasa lililojaa. Anamwona mwanafunzi ambaye muhula uliopita alikuwa mchangamfu, leo anakaa dawati la nyuma, haulizi wala hajibu, akiguswa kidogo anafoka, na daftari la hesabu halijaandikwa kitu tangu Jumatatu. Neno la kwanza linalomjia mwalimu ni kiburi, la pili ni uvivu. Nyumbani mama anaona chakula kimebaki sahanini, anawaza mimba au mapenzi. Bibi anawaza kijicho cha watu. Kule Ruangwa, kijana ambaye hakuwa anakosa mechi ya Namungo kwenye Uwanja wa Majaliwa, hasa Simba au Yanga zikiwa wageni, anasema leo haendi. Wiki ijayo pia haendi. Wenzake wanasema anaringa.

Wote hao wameona jambo la kweli, ila wamelipa jina lisilo lake. Kwa vijana wa rika hilo sonona mara nyingi haiji na machozi. Inaweza kuja na hasira za kila saa, kuumwa kichwa na tumbo kusikokwisha, usingizi uliovurugika, alama kushuka, na hasa kukosa hamu ya vile vitu ambavyo zamani vilimfanya mtoto aamke mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa matatizo yanayoongoza. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hesabu hiyo inaishia Kibiti na haivuki Mto Rufiji kwenda kusini.

Utafiti wa milango miwili unapaswa kusomwa Nachingwea na Ruangwa kwa sababu hiyo, ila usomwe vizuri. Unaweza kumfunza mtu jambo la maana, na unaweza pia kumpoteza.

Umeme wenyewe si hadithi. Seli za ubongo huzungumza kwa chembe za umeme, na maelfu kwa maelfu yake yanapopiga kwa pamoja, mtikisiko wake hufika hadi kwenye ngozi ya kichwa. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger, katika mji wa Jena, alifanikiwa kuunasa kwa binadamu, na mwaka 1929 akautangaza. Aliona mawimbi yanayopanda na kushuka takriban mara 10 kwa sekunde mtu anapofumba macho na kutulia. Hayo ndiyo mawimbi ya alfa. Nguvu yake ni ndogo mno: betri moja ya tochi ina volti 1.5, na wimbi la kawaida la alfa ni dogo kuliko hiyo kwa kiasi cha mara 30,000. Mtu akipepesa jicho tu, umeme wa jicho unalifunika wimbi la ubongo. Ndiyo maana yule msichana anaurudia mchezo: watafiti hukusanya majibu mengi na kuyatafutia wastani, mpaka ule mwitikio unaokuja karibu robo ya sekunde baada ya mshale uanze kujitokeza kutoka kwenye makelele.

Nchini Tanzania kipimo hiki cha umeme wa ubongo kinajulikana zaidi kwa jina la EEG, na kazi yake kubwa ni kwa wagonjwa wa kifafa. Hupatikana kwenye hospitali kubwa, kama Muhimbili. Si kitu cha zahanati ya kata. Kwa kifafa kina faida ya wazi, kwa kuwa mlipuko wa umeme unaweza kuonekana kwenye karatasi. Sonona haina mlipuko wa namna hiyo.

Wanasayansi wameutafuta kwa miongo kadhaa. Tangu miaka ya 1980 Richard Davidson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walikuwa wakieleza kwamba watu wenye sonona huonyesha tofauti ya mawimbi ya alfa kati ya upande wa kushoto na wa kulia wa paji la uso, ishara kwamba upande wa kushoto umepoa. Nadharia ikapendwa, ikaingia vitabuni. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walizichambua kwa pamoja tafiti zilizokuwa zimekwisha kufanyika, wakaona kwamba tofauti hiyo haifai kutegemewa kumtambua mgonjwa. Hata matokeo ya Stony Brook ni ya kundi, si ya mtu mmoja mmoja: wapo wasichana wenye mwitikio mdogo ambao hawakuugua, na wapo wenye mwitikio mzuri waliougua. Hakuna daktari mwaminifu anayeweza leo kumkalisha mtoto wa Mbekenyera kwenye kiti, akamfunga waya, akatoka na jibu kwamba huyu ana sonona na yule hana. Atakayekuja na kofia ya namna hiyo akiuza vipimo vya akili kwa wazazi, atakuwa anauza kitu ambacho sayansi haijakipata.

Berger mwenyewe alisumbuliwa na sonona, na mwaka 1941 alijiua. Chombo alichokianzisha hakikumfaa kitu kwa ugonjwa wake.

Umeme wa ubongo basi una faida gani kwa mama wa Kilimarondo? Inayoonekana kuliko zote ni kwamba unamvua mtoto lawama. Kama mwitikio wa raha unaweza kupimwa kwenye ngozi ya kichwa, na kama unaweza kuwa hafifu miezi kadhaa kabla ya mtoto kuanza kujitenga, basi huyo mtoto hachagui kuwa hivyo. Fimbo haitamrudishia hamu. Kanuni za elimu zinamruhusu mkuu wa shule kutoa au kuidhinisha viboko visivyozidi vinne kwa kosa zito. Hazikuandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye ubongo wake umeacha kuitikia mshale wa kijani.

Ipo faida nyingine, iliyojificha mahali ambapo wengi hawatazami. Vituo vya afya nchini Tanzania na Kenya vimekuwa vikitumia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na lilijaribiwa kwa wagonjwa Dar es Salaam. Anayeulizwa anaeleza hali yake kwa wiki mbili zilizopita: haikutokea kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Kuna swali la usingizi, la uchovu, la hamu ya kula, la kujiona hufai, la kushindwa kutuliza mawazo, la kutamani kufa. Na swali la kwanza kabisa linauliza kama mtu amekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Ni kitu kilekile kinachotafutwa na milango miwili, maabara, kompyuta na kofia ya elektrodi. Tofauti ni kwamba swali linahitaji karatasi, kalamu, chumba chenye mlango unaofungika na mtu ambaye mtoto hamwogopi.

Dodoso pia si hukumu. Linachuja tu, na anayepata alama nyingi anatakiwa kuonwa na mtaalamu. Lakini kwa wilaya mbili ambazo vijana wake wako kwenye shule za kata zilizotawanyika, mchujo huo ndio mlango wa kuingilia.

Nachingwea ina historia ya kuletewa mashine kabla ya maswali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalishushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa kuingia bara. Udongo, mvua na visiki havikuulizwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ulitupwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36, na muongo mmoja baadaye hata reli iling'olewa. Wazee wa kusini hawahitaji kukumbushwa mkasa huo, lakini wapangaji wa bajeti za afya pengine wanahitaji, kwa sababu kuna kishawishi kikubwa cha kuzindua kifaa kinachong'aa kwa kukata utepe. Utepe haukatwi kwa mwalimu aliyefundishwa kusikiliza.

Na mwalimu huyo, au muuguzi, au mama mtu mzima, anaweza kufanya mengi. Nchini Kenya taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na vijana akiwamo Mkenya Tom Osborn, iliwachukua wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi, wakakutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Mazungumzo yalihusu mtu kuweza kubadilika, kushukuru na kujua analolithamini maishani. Kundi jingine lilifundishwa mbinu za kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili zikipungua zaidi kwa waliopata mazungumzo. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina bibi, waliofundishwa na kukalishwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, kusikiliza wenye mawazo mazito. Utaratibu huo umekwisha kufika hadi Zanzibar.

Kusini kuna watu wa aina hiyo tayari. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wamekuwa na jando na unyago kwa vizazi, na kungwi bado ana sauti ambayo mwalimu mkuu hana. Taasisi hiyo iliwahi kutengenezwa upya: katika miaka ya 1920 Askofu Vincent Lucas wa Dayosisi ya Masasi aliiingiza jando ndani ya kanisa badala ya kupigana nayo. Unyago una lawama zake, na ni za haki, pale msichana mdogo anapotoka ndani akiambiwa amekuwa mke. Lakini ukweli unabaki kwamba huu ni wakati ambapo mtu mzima anakaa na kijana wa miaka 12 au 14 siku kadhaa, karibu kabisa, akimwangalia anavyokula na anavyolala. Kungwi aliyefundishwa dalili za sonona, na kuelezwa ampeleke mtoto wapi, angeona mapema kuliko wengi.  Makungwi wenyewe waitwe kwenye hili.

Shule nazo zina la kufanya ambalo halina gharama, na hapa tena umeme wa ubongo unasaidia. Vipimo vya usingizi vimeonyesha kwamba mawimbi mapana ya usingizi mzito hupungua kwa kasi katika miaka ya balehe, ishara ya ubongo unaojijenga upya, huku saa ya mwili ikisogea mbele kiasi kwamba kijana anachelewa kupata usingizi hata taa ikizimwa. Bweni linalowaamsha watoto alfajiri ya giza kwa ajili ya kujisomea linawakata usingizi palepale unapohitajika. Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapokutana na msimu wa korosho, mtoto wa kutwa ana kazi mbili na usingizi nusu. Kukosa usingizi peke yake si sonona, lakini ni miongoni mwa vitu vinavyoisukuma.

Wapo watakaosema kuuliza ni kufukua usichoweza kutibu. Hoja hiyo ina mantiki yake: madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam, Dodoma na miji mingine mikubwa. Ila si kila anayegundulika anahitaji bingwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaanza na mazungumzo ya tiba. Kwa vijana ambao hayo hayakuwatosha, dawa ya fluoksetini inaweza kufikiriwa, chini ya uangalizi wa karibu. Wenye hali nzito wana njia ya rufaa, kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Mtoto anaweza pia kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Njia zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mtoto mkono mpaka mwanzo wa njia.

Wengine huogopa lile swali la kutamani kufa, wakidhani kuliuliza ni kulipanda kichwani. Tafiti zimeonyesha kinyume: kuuliza kwa upole hakumpi mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafuu. Kinachomfunga mdomo zaidi ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayojua hivyo itamficha mtoto, itasema amekunywa sumu ya mikorosho kwa bahati mbaya. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria zao kinakiuka katiba. Wabunge wa Lindi wangeweza kuwa wa kwanza kulipeleka jambo hili Dodoma.

Haya hayamaanishi kwamba mashine isije kamwe. Kuna ubaya pia katika kuiacha ibaki kwa wengine. Mengi yanayoitwa ya kawaida kuhusu ubongo wa kijana yametokana na vichwa vya Marekani na Ulaya. Hata elektrodi zilibuniwa kwa nywele laini. Mpaka mwaka 2020 ndipo Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipoeleza klipu zinazoshika vizuri katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Mwanafunzi wa Ruangwa aliyesuka twende kilioni amekwisha kuandaa kichwa chake kwa kazi hiyo bila kujua. Na Tanzania si mgeni: watafiti wa Sapien Labs wakishirikiana na wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wamekusanya vipimo vya ubongo vijijini kwa vifaa vyepesi visivyo na waya, wakiwatumia watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, kama ilivyofanyika India. Siku watakapovuka Rufiji, waje na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wapate ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na wakute shule ambazo tayari zina mtu wa kumpokea mtoto atakayeonekana hayuko sawa. Kumpima kijana na kumwacha getini hakuna tofauti na kutompima.

Mtu huyo anagharimiwa na nani? Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa hukusanya ushuru wa mazao kila ufuta na korosho vinapopita kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Madiwani wanaweza kuandika kifungu kimoja kidogo kwenye bajeti zao: kila sekondari iwe na mwalimu wa unasihi aliyefundishwa kutumia dodoso na kutunza siri, ambaye vipindi vyake vimepunguzwa ili apate muda, kila kituo cha afya kiwe na muuguzi mmoja anayepokea watoto wanaotoka kwa mwalimu huyo, na wote wawe na simu ya daktari wa akili mmoja wa kuwaongoza, hata kama yuko Lindi au Muhimbili. Wasichana waliorejea darasani baada ya kujifungua, ambao serikali iliwafungulia mlango Novemba 2021, waulizwe kwanza, kwa sababu wanarudi na mtoto, aibu na maneno ya watu kwa mpigo. Mwisho wa mwaka diwani aulize kwenye kikao watoto wangapi waliulizwa, wangapi walipelekwa kituoni, na wangapi walirudi darasani.